Bampa jeusi, gari la silva: bei ya haki ya kupiga rangi hupatikana wapi?

Asubuhi moja ya Aprili nilizunguka gereji tatu nikiwa na bampa jeusi limefungwa kwa kamba juu ya paa la Toyota IST ya silva. Fundi wa kwanza alitaka 45,000 kulipiga rangi ifanane na gari. Wa pili alitaka 120,000. Wa tatu alinipa karatasi yenye mhuri: 280,000. Bampa lile lile, rangi ile ile, na kati ya wa kwanza na wa tatu hazikupita saa nne.

Tofauti ya namna hiyo humfanya mtu aamini kuna mwizi mahali fulani. Nilikifuata kisa hiki mpaka mwisho, risiti kwa risiti, na sioni kwamba kati ya wale watatu kulikuwa na mwizi. Kila mmoja alikuwa anauza kazi yake tofauti, ila wote waliiita kwa jina moja: kupiga rangi bampa. Hapo ndipo wengi wetu tunapopotea. Tunapatana bei kabla hatujajua tunapatana kitu gani.

Lilivyovunjika

Ilikuwa Buguruni, Dar es Salaam, foleni ya asubuhi. Kijana wa bodaboda alijipenyeza kati yangu na lori, lori likasogea, akakosa pa kwenda isipokuwa kona ya kushoto ya gari langu. Hakuumia, na kwa hilo namshukuru Mungu. Aliinua pikipiki yake, akasimama anautazama ufa uliotoka kwenye taa ya fogi mpaka pembeni. Chombo si chake, jioni kuna hesabu ya kupeleka kwa tajiri. Akatoa noti mbili za 10,000, mkono unatetemeka. Nilichukua moja, nyingine nikamrudishia. Bima yangu ni ile ndogo, ya mtu wa tatu, ambayo hulipa hasara ninayomsababishia mwingine na haigusi bampa langu mwenyewe. Kumpeleka yule kijana polisi kwa sababu ya kipande cha plastiki sikuona kama ni jambo la kufanya.

Kwanza nilifikiria kuchomelea. Plastiki ya bampa ukiipasha moto hulainika, ikipoa hushikana, na wapo mafundi wanaoziba ufa kwa chuma cha moto na vipande vya waya vikazama ndani kwa nyuma, ukipita na msasa huoni kitu. Ufa peke yake ungetibika. Lakini masikio mawili ya upande wa kushoto, yale yanayolishika bampa kwenye fenda, yalikatika yakabaki barabarani. Bampa lisilo na masikio hucheza gari likiwa linatembea, na linalocheza haliwezi kukaa na rangi kwa muda mrefu. Nikaenda Shaurimoyo.

Wanaoijua Shaurimoyo ya Ilala wanajua mabampa yanavyoning'inia pale kama nguo za mtumba. Nilionyeshwa mawili. Moja ni jipya, la kuiga, plastiki nyeusi tupu isiyo na rangi yoyote, 110,000. La pili ni la zamani lililokuja kutoka Japani, limetolewa kwenye IST nyeusi, lina mikwaruzo na michubuko miwili, 150,000 baada ya maneno mengi. Muuzaji alinisukumia jipya.

"Dada, hili halijaguswa na mtu."

Nilichukua lililoguswa. Sababu ya kwanza ni kwamba la kiwandani hukaa mahali pake. La kuiga mara nyingi huacha mwanya kwenye taa au kwenye boneti, na fundi hulazimika kulivuta kwa skrubu. Sababu ya pili niliijua kwa machungu, na iko upande wa pili wa gari hili hili.

Mwaka juzi nilibadilisha bampa la nyuma. Lilikuwa jipya, plastiki tupu, na nilimpa fundi aliyenihudumia haraka kwa bei ndogo. Liling'aa. Nilimsifu mbele ya watu. Miezi mitano baadaye kijana wa kuosha magari alielekeza presha ya maji kwenye ukingo wa chini, na mbele ya macho yangu rangi ikafumuka, ikaondoka kipande cha ukubwa wa kiganja. Niliinama kutazama. Plastiki ya chini ilikuwa nyeusi, nyororo, inateleza kidoleni, haina hata mstari mmoja wa msasa. Rangi ilikuwa imewekwa juu ya plastiki kama karatasi juu ya meza.

Ukiligeuza bampa utakuta kwa ndani herufi zilizopigwa muhuri kwenye plastiki yenyewe, na kwenye mabampa mengi herufi hizo huanza na PP. Hiyo ni polipropilini, plastiki ya jamii moja na ile ya ndoo na viti vya plastiki. Ni nyepesi, inapinda bila kuvunjika, na ina tabia moja inayowatesa mafundi wa rangi: haishiki kitu. Gundi haikai, rangi haikai. Tena bampa jipya hutoka kiwandani likiwa na utelezi wa ile dawa inayopakwa kwenye kalibu ili plastiki isigande humo. Ukipuliza rangi juu ya vyote hivyo, itakauka vizuri na itapendeza kabisa, lakini haijashika popote. Ndiyo maana ipo praima maalumu ya plastiki, maji maji tu yasiyo na rangi ya kutazamika, yanayopulizwa kwanza kabisa ili kinachofuata kipate pa kung'ang'ania. Ni hatua ya dakika chache ambayo mteja hawezi kuiona kazi ikishaisha. Hatua za namna hiyo ndizo huwa za kwanza kurukwa bei ikibanwa.

Swali moja kwa mafundi watatu

Safari hii sikuanza na "shilingi ngapi". Nilimwomba kila mmoja anieleze ataanza na nini na atamaliza na nini.

Wa kwanza anafanya kazi chini ya mwembe kando ya barabara, kompresa yake imefunikwa na turubai. Mkono wake ni mzuri, hilo niliseme wazi. Alikuwa anamalizia mlango wa Noah na mstari wa rangi ulikuwa umenyooka. Alijibu kwa sentensi moja: msasa, rangi, klia (ile rangi ya mwisho isiyo na rangi, ya kung'arisha na kukinga), jioni unachukua. Nikamuuliza rangi ataitoa wapi. Akaniambia silva anayo, akanionyesha kopo lililobaki kwenye kazi nyingine. Nikamuuliza kuhusu praima ya plastiki. Akasema ndiyo, itawekwa, bila kulitazama bampa.

Wa pili ana uzio wa mabati na banda lenye kuta tatu. Hakujibu mara moja. Alilishusha bampa, akaligeuza, akapitisha vidole kwa ndani akitafuta palipochomelewa. Halafu akafungua boneti ya gari langu na kusoma kile kibati kilicho ukutani nyuma ya injini, kwenye mstari ulioandikwa C/TR. Herufi tatu za kabla ya mkwaju ndizo namba ya rangi, na langu ni 1C0. Baada ya hapo akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akapiga magoti kwenye fenda ya kushoto, akaitazama kwa upande, jicho karibu liguse bati.

"Dada, hii fenda imeshapigwa rangi. Unajua?"

Sikujua. Gari nililinunua mkononi mwa mtu na hakuniambia. Akanionyesha: kwenye ukingo wa ndani, pale fenda inapokutana na mlango, palikuwa na mstari mwembamba wa tepu ulioachwa na fundi mwenzake wa miaka ya nyuma. "Nikichanganya kwa namba ya gari, bampa litafanana na boneti na fenda ya kulia. Hii ya kushoto itabaki inabishana kidogo. Nakwambia leo ili usije ukanidai kesho."

Nilipomuuliza kuhusu praima ya plastiki akanisahihisha. Bampa hili lina rangi ya kiwandani, akasema, na rangi ya kiwandani iliyoshika vizuri ndiyo msingi bora kuliko wowote atakaouweka yeye. Kazi ni kuikwaruza kwa msasa ili ipokee rangi mpya. Praima ya plastiki itakwenda kwenye michubuko miwili tu, pale plastiki ilipoonekana. Hapo nikajifunza kwamba swali langu lilikuwa na jibu bora kuliko "ndiyo". Fundi anayesema ndiyo kwa kila unachokitaja anakuuzia utulivu wako wa moyo. Anayekujibu "wapi, na kwa nini" ameshaanza kuifanya kazi kichwani.

Wa tatu ni gereji kubwa yenye chumba cha kupulizia kilichofungwa, chenye feni za kuvuta vumbi na joto la kukausha. Mhudumu alinifafanulia vizuri. Wangepiga rangi bampa, kisha wangeipeleka rangi kidogo kidogo mpaka ndani ya fenda zote mbili na kumalizia na klia juu ya fenda nzima, ili jicho lisione inapoanzia na inapoishia. Kuna kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, na risiti ya EFD, ile mashine ya kodi. Ukiitoa kodi inabaki kama 237,000 kwa kazi ya paneli tatu. Sikuona dhuluma hapo. Gari lingekuwa la miaka mitatu, au lingekuwa jeupe la lulu, ningewaachia funguo. IST yangu ni ya mwaka 2004, boneti ina vidonda vya mawe, na kulipia fenda ambazo hazikugongwa ilikuwa ni kununua kisichohitajika.

Kuivunja bei vipande

Nilikwenda Gerezani kwenye duka la kuchanganya rangi na karatasi ya yule fundi wa pili mkononi. Humo huingiza namba ya rangi kwenye kompyuta, wanapata orodha ya viungo kwa gramu, wanamimina kopo likiwa juu ya mizani. Kwa silva, tone moja la nyeusi likizidi unaliona. Namba moja pia huweza kuwa na sura zaidi ya moja, nyingine imekolea kidogo na nyingine imepoa, kwa sababu viwanda havitoi rangi ile ile miaka yote. Ndiyo maana fundi alinituma niende na kile kifuniko kidogo cha ndoano ya kuvutia gari kutoka kwenye bampa lililovunjika, ili kijana wa mizani alinganishe na kitu halisi. Huo ni ushauri ambao haukuniongezea hata shilingi na umeokoa kazi nzima.

Nilivyolipa siku hiyo: rangi yenyewe nusu lita 28,000. Klia nusu lita pamoja na hadina yake, ile dawa ya kuigandisha iwe ngumu, 22,000. Praima ya plastiki kopo dogo 12,000. Praima ya kijivu ya kujazia michubuko 9,000. Thina lita moja 7,000. Misasa ya 400, 600, 1500 na 2000 jumla 5,000. Tepu 2,000. Yote 85,000.

Sasa irudie ile bei ya chini ya mwembe. Vifaa peke yake, kwa bei ya rejareja, vinakaribia mara mbili ya 45,000. Fundi mwenye kununua kwa jumla angepunguza, tuseme theluthi moja, na bado asingebaki na kitu cha kupeleka nyumbani. Kwa hiyo 45,000 iliwezekana kwa njia moja tu: silva ya kopo la jirani, rangi isiyo na hadina inayokauka kwa kuruka kwa thina, klia iliyovutwa kwa thina mpaka ikawa maji, na msasa wa dakika kumi. Hakunidanganya. Kwa bei ile, hiyo ndiyo kazi iliyopo, na wako wateja inaowafaa, kwa mfano anayeuza gari wiki ijayo. Ila mwenye kukaa na gari lake atailipia kazi hiyo mara mbili, kama nilivyoilipia mimi.

Nilimrudia wa pili nikamwambia vifaa nimeshanunua, tuzungumzie mkono wake. Alisema 60,000, tukafika 50,000: kutangulia 20,000, na 30,000 nikishaliona bampa juani. Kwa jumla nililipa 15,000 zaidi ya ile 120,000 aliyotaja mwanzo, maana yeye angenunua klia ya bei ya chini kidogo na mabaki ya praima alikuwa nayo. Niliilipa tofauti hiyo kwa hiari, kwa sababu nilijua kila kopo lililofunguliwa juu ya bampa langu.

Hapo kwenye 50,000 nataka kukaa kidogo. Kulikuwa na mtu nyuma yangu aliyeninong'oneza kwamba ningembana mpaka 30,000 angekubali, kwa kuwa siku hiyo hakuwa na kazi nyingine. Nadhani ni kweli angekubali. Lakini niliihesabu: kuosha, msasa wa masaa mawili, praima, kusubiri, msasa tena, rangi, klia, kung'arisha, kufunga. Si chini ya saa saba za mkono wake zilizotawanyika siku tatu, juu yake umeme wa kompresa na kodi ya eneo. Ukimbana fundi kwenye mkono, anazirudisha pesa zake kwenye muda, na muda wa kwanza kupunguzwa ni wa msasa. Umejipunja mwenyewe kwa ulimi wako.

Siku tatu bandani

Alianza kwa kuliosha kwa sabuni ya vyombo na brashi, akalifuta kwa dawa ya kutoa mafuta, ndipo akashika msasa. Nilidhani mpangilio huo hauna maana. Akanieleza kwamba ukitangulia na msasa, nta na mafuta ya barabarani unayasugulia ndani ya mikwaruzo, na rangi itakuja kukimbia mahali hapo na kuacha vishimo kama macho ya samaki. Alipomaliza, ule weusi unaong'aa ulikuwa umefifia wote ukawa kama ubao wa shule, hata ndani ya matundu ya shoo, yale ya kupitishia hewa, ambako hakuna mtu angeangalia. Kwenye michubuko aliunyoosha ukingo wa rangi ya zamani mpaka kidole kisihisi ngazi.

Kabla ya kuligusa bampa kwa rangi alipuliza kwanza kwenye kibati kidogo, akakitia klia, kikakauka, tukakipeleka juani tukakiweka juu ya boneti. Mbele kilifanana. Ukizunguka ukakitazama kwa upande, kilikuwa na giza. Mimi nilishaanza kumlaumu kijana wa mizani. Fundi akatikisa kichwa, akapuliza kibati cha pili kwa rangi ile ile, bunduki ikiwa mbali kidogo na mkono ukienda haraka. Kikatoka cheupe zaidi. Siri ya silva iko hapo: ndani yake mna chembe za alumini, na zinavyolala ndivyo zinavyorudisha mwanga. Ukipuliza rangi ikiwa imelowa sana chembe huzama na rangi hukolea. Ukipuliza kavu hubaki juu na rangi hupauka. Kopo moja linaweza kutoa silva mbili. Kibati cha tatu ndicho kilichopotea juu ya boneti kiasi kwamba nilikitafuta kwa kidole. Kwa sababu hiyo hiyo alilitundika bampa wima kama linavyokaa kwenye gari, wala hakulilaza mezani.

Saa kumi jioni rangi ilikuwa imekaa, imebaki klia, na wingu la masika likajaa upande wa bahari. Nilitaka amalize. Alikataa. Hewa ikijaa unyevu, klia hupoteza mng'ao na huweza kutoka na ukungu mweupe, na banda lake halina ukuta wa nne. Akalifunika kwa shuka safi, tukaonana kesho yake saa nne asubuhi jua likiwa limetoka. Usiku mmoja wa kungoja, na sikumlipa kwa ajili yake.

Jambo jingine nililiona asubuhi hiyo na limekaa moyoni. Hadina ya klia ina isosayanati, kemikali inayoweza kumtia mtu pumu ya maisha kwa kuivuta kidogo kidogo kila siku. Kopo lenyewe lina onyo. Kitambaa hakizuii mvuke wake. Huyu fundi alikuwa na kinyago cha mpira chenye vichujio viwili vya mashavuni, na vichujio vilikuwa vimechakaa. Aliniambia huwa anavibadilisha anapopata kazi ya gari zima. Yule wa chini ya mwembe alijifunga kipande cha kanga. Tunapobishana juu ya 10,000, vichujio vile ndivyo mara nyingi tunavyobishania bila kujua, na mapafu ni ya mtu mwenye watoto.

Mchirizi wa klia

Nilipoitwa kulitazama, kona ya chini ya kulia klia ilikuwa imechuruzika. Mchirizi wa urefu wa kidole, umeganda kama machozi ya mshumaa. Vumbi nalo lilikuwa limenasa sehemu tatu au nne. Nilikuwa na 30,000 mkononi na nilihisi uso unapata moto.

Yeye ndiye aliyeanza kusema. Hakunipeleka upande mwingine wa bampa, hakusema "utazoea". Alisema mkono ulikawia pale, lisifungwe leo, likae siku tatu klia ikomae, halafu ataunyoosha. Nilimpa 10,000 nikabaki na 20,000. Siku ya tatu alikuja na kibao kidogo kilichozungushiwa msasa wa 1500, maji na tone la sabuni, akaukata mchirizi taratibu mpaka ukawa sawa na mwenziwe, akafuata na ule wa 2000, akamalizia na kampaundi ya kung'arishia. Nilipitisha ukucha. Haukugonga kitu. Hapo nilimalizia hesabu yake yote.

Nalisema hili kwa sababu malipo ya vipande hueleweka vibaya, mtu huyashika kama kiboko. Kwangu yalifanya kazi kwa kuwa tulikubaliana mapema kitakachotazamwa: juani, kutoka mbele na kutoka pembeni, na kwa kidole. Bila makubaliano hayo ningekuwa nimeshikilia pesa ya mtu kwa hasira tu.

Fenda ya kushoto inabishana kama alivyosema. Ukisimama upande wa dereva huoni kitu. Ukija kutoka kushoto jua la saa tisa, fenda ina umanjano kidogo. Niliikubali. Plastiki na bati hata vikitoka kiwandani pamoja huwa havifanani kwa asilimia mia.

Hesabu ilivyofunga

Bampa 150,000, vifaa 85,000, mkono 50,000, klipu mpya za kulishikia 6,000. Jumla 291,000, na ukitoa ile 10,000 ya kijana wa Buguruni nimebeba 281,000. Kufunga bampa na taa za fogi hakunitoza.

Hesabu hii isibebwe nzima nzima kwenye gari jingine. Ungekuwa na Toyota ya namba 070, ile nyeupe ya lulu, kuna tabaka la ziada: nyeupe ya chini, kisha lulu inayopulizwa nyembamba juu yake, kisha klia, na idadi ya mapito ya lulu ndiyo inayoamua rangi. Rangi za makopo mawili, vibati vingi zaidi vya kujaribia, saa zaidi. Fundi anayekutajia bei ya lulu sawa na ya nyeupe ya 040 ama hajaisoma namba yako au atapiga nyeupe tupu. Na ukinunua bampa jipya la plastiki tupu, ile praima ya plastiki niliyotumia sehemu mbili wewe itakubidi iende kote, pamoja na uoshaji mkali wa kuondoa utelezi wa kalibu. Unafuu wa 40,000 nilioukataa Shaurimoyo ungepungua sana kabla ya kufika bandani.

Nilingoja wiki tatu kabla ya kuliruhusu bampa la mbele lioshwe kwa presha. Kijana wa kuosha magari ni yule yule. Nilimwomba aanzie kona ya kulia, pale palipochuruzika, nikasimama karibu mpaka maji yakanirukia. Hakuna kilichofumuka.

Kisha nikampelekea fundi gari alitazame bampa la nyuma. Alibandika tepu pembeni mwa lile pengo la kiganja, akaikandamiza kwa kidole gumba, akaivuta kwa ghafla. Rangi ikaja nayo, ukanda mzima, kama gamba la nyoka. Akaniambia yote itabidi itoke mpaka plastiki ionekane, maana hawezi kujenga juu ya kitu kisichoshika, na kwa hiyo mkono wake ni 70,000 safari hii. Sikumwomba apunguze. Nimeshanunua kopo kubwa la praima ya plastiki, tunangoja mvua zikatike.